Tuta la Sita

Karagwe, 20 Agosti 1990

Mdogo wangu Koleta,

Leo ni miaka ishirini na minane, miezi tisa na siku tisa tangu nivuke mto Akagera nikikimbia nchi yetu, nikiwa na shati moja na kichupa cha mbegu. Najua utacheka kwamba bado nahesabu. Mwalimu hata akistaafu haachi kuita majina ya mahudhurio.

Uwe na makundi ya ng'ombe. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la Daria, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mwanetu Fidelisi yuko bado kiwandani kwenye sukari, anakuja kila mwisho wa mwezi na kulala siku nzima. Nyanya chungu zangu zimezaa. Unajua zilikotoka.

Barua yako ya Julai imefika juzi, baada ya siku ishirini na mbili njiani. Nimeisoma mara tatu kama ilivyo desturi yangu: ya kwanza kwa ajili ya habari, ya pili kwa ajili ya mwandiko wako, ya tatu kwa sauti, ili Daria asikie. Yeye hajapata kukanyaga kilima chetu, lakini anaijua bustani ya nyuma ya nyumba kuliko anavyoijua ya jirani yake.

Umenieleza utakavyopanda mvua za umuhindo, zile za Septemba, zikija. Karoti na vitunguu tuta moja. Kabichi na bilinganya tuta moja. Mchicha chini ya maboga, maharage yakipanda juu ya mahindi, na mgagani popote utakapojiotea. Koleta, hiyo si bustani, hilo ni gulio. Nikachukua karatasi nikachora, nikahesabu, nikapata matuta matano. Baba aliacha sita. Nayajua kwa sababu tuliyachimba pamoja mwaka 1946, na la sita, lile la chini kabisa, karibu na migomba, alilikata mwisho, urefu hatua kumi na mbili. Liko wapi? Kama bado lipo, hamishia karoti huko, na vyote vingine vitapata pumzi.

Nisalimie wajukuu. Na kaburi la Mama.

Kaka yako,
Anselimu


Gakenkeri, 9 Septemba 1990

Kaka Anselimu,

Na yako yawe ya majike, yote yenye ndama.

Sisi ni wazima. Mbuzi amezaa mapacha, na mmoja amekwisha jifunza njia ya kuingia bustanini kabla hajajua kunyonya vizuri. Paa la jikoni nimelitengeneza kabla ya mvua, na vizuri, kwa sababu mwaka huu mvua imekuja na haraka kama mtu anayedaiwa. Tangu mume wangu afariki hii ni mara ya kwanza nimepanda paa mwenyewe. Majirani walikuja kutazama, hakuna aliyeshika ngazi.

Umekuwa mkulima wa karatasi, kaka. Kwenye karatasi hata mimi nitavuna magunia. Njoo na kalamu yako uone inavyopalilia.

Lakini ni kweli kumebanana. Nyiranzage aliegemea ua wangu jana akaniuliza, "Mwenzangu, unalima au una harusi?" Nikamwambia wageni wamekuja wenyewe, sikualika mtu. Akasema basi angalau niwape viti.

Nimepanda mapema kwa maji ya kubeba, na askari wametoka jana. Wajukuu wakisema karoti nawasahihisha: hapa kwetu ni askari. Wananitazama tu. Hawajamwona askari wa Wabelgiji na tarabushi yake nyekundu, kwa hiyo hawaoni Baba alicheka nini kila alipokuta vile vichwa vyekundu vinachungulia udongoni. Kabichi, wale machifu wenye matumbo, wanawaelewa kidogo. Matumbo bado yapo.

Sasa mkono wangu ulimwaga mbegu nyingi mno, na macho siku hizi si yale. Askari wametoka wengi kama nywele za mtoto mchanga. Nikumbushe Baba alikuwa akiwafanya nini, na lini. Kazi hiyo alikuachia wewe daima, mimi nilikuwa nalia.

Tuta la sita lipo. Linapumzika. Usiniulize zaidi.

Dada yako,
Koleta


Karagwe, 27 Septemba 1990

Mdogo wangu,

Uwe na makundi ya ng'ombe, na mbuzi mwenye adabu.

Nimecheka habari ya viti mpaka Daria akatoka jikoni kuuliza. Sisi tu salama, goti pia.

Nikujibu upesi, kwa sababu ushauri wa bustani ukichelewa hauna kazi, na barua zetu zinatembea kama wazee. Hesabu yangu ni kwamba utaipata hii wakati miche ina majani matatu au manne. Hapo ndipo penyewe. Askari waulie mapema, wakiwa bado wadogo, usingoje wapate nguvu ya kusimama. Chagua jioni, mvua ikishapita, ardhi ikiwa laini. Watatoka bila sauti. Acha mmoja kila baada ya vidole vitatu. Usiwaonee huruma, Koleta. Ukimwonea mmoja huruma sasa, baada ya miezi miwili watakuwa wamenyongana wenyewe. Machifu, bakiza sita tu. Wengine wote kata mapema, kabla hawajafunga vichwa.

Nilikuwa nalifikiria neno hili jana. Waswahili ninaoishi nao husema kupunguza miche, neno la karani. Sisi tunasema kwicira, kuua kwa ajili ya: unamuua huyu kwa ajili ya yule anayebaki. Nimefundisha sarufi zaidi ya miaka thelathini, na sijakutana na neno lingine linalosema ukweli wa bustani waziwazi namna hiyo. Wewe ulikuwa ukilia si kwa sababu ya miche. Ulikuwa unalia kwa sababu ya neno.

Tuta linapumzika tangu lini? Ardhi haichoki miaka yote. Nijibu.

Kaka yako,
Anselimu


Gakenkeri, 24 Oktoba 1990

Kwa Bwana Anselimu Gakumba,

Hatujambo. Barua yako ya tarehe 27 Septemba imefika na imesomwa.

Naomba kuanzia sasa mboga uzitaje kwa majina yake ya sokoni, yaani karoti na kabichi.

Naomba pia unieleze kwa maandishi na kwa ukamilifu: tuta la sita ni la nani, na kwa nini halipandwi.

Ni mimi,
Mukabutera Koleta


Karagwe, 10 Novemba 1990

Mdogo wangu Koleta,

Uwe na makundi ya ng'ombe. Nakuandikia hivyo tena, maana safari hii hukunijibu, na tangu uanze kushika kalamu hujawahi kuacha kunijibu.

Daria amefiwa na shangazi yake. Fidelisi hajaja mwezi huu. Redio inazungumza kila siku juu ya vita vya kaskazini kwenu, na wanaume wa hapa wanakaa kuisikiliza kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Vijana wawili wa mtaa wa pili wameondoka na hakuna anayeuliza walikokwenda. Mimi sikai nao. Nasikiliza, nazima, naenda kwenye nyanya chungu.

Barua yako nimeisoma mara sita. Mwandiko ni wako, lakini umeandikwa juu ya mistari iliyopigwa kwa rula, na wewe hujapata kumiliki rula. Daria anasema nisijibu. Anasema, "Huyu si Koleta anayeuliza." Nami nimefikiri hivyo hivyo, ila yeye anaogopa, mimi nimekasirika. Nadhani nimeelewa. Kuna jirani anayelitaka tuta, ameona halipandwi, amekwenda kulidai, na wewe mjane huna mtu wa kusema kwa niaba yako.

Basi wasomee haya. Tuta la sita ni langu. Baba alinikatia siku niliyorudi na cheti cha ualimu, mbele ya mashahidi wawili, na wote wawili walikunywa pombe yetu. Sijaliuza wala kulitoa. Anayelidai ajue kwamba lina mwenyewe, mwenyewe yu hai, na iko siku atakuja kulilima kwa mkono wake.

Hiyo itawatosha. Sasa niambie, karoti uliziulia?

Kaka yako,
Anselimu


Gakenkeri, 14 Januari 1991

Kaka,

Yako yawe ya majike. Hii sikuipeleka posta. Anaileta mama mmoja muuza maharage, na nimemwomba aishone ndani ya gunia. Usimpe jibu, harudi na karatasi.

Kwanza usiogope. Niko nyumbani tangu siku tatu kabla ya Krismasi. Nimekonda kidogo. Wajukuu wako salama, walikuwa kwa Nyiranzage, na hakuwahi kunitajia alichowalisha.

Barua yako ya kuulia askari ilifika ofisi ya komyuni, serikali yetu ya hapa, kabla ya kufika kwangu. Walikuja watu wawili tarehe 17 Oktoba, wakachukua na kopo langu la barua, zote zako. Walituweka stoo ya mbolea, wanawake kumi na wanane. Karani alinisomea mbele ya wote: waulie wakiwa wadogo, chagua jioni, bila sauti, usiwaonee huruma. Na machifu bakiza sita. Kaka, wanawake wote walicheka. Sote tunajua kuulia karoti, hakuna aliyezaliwa kilimani asiyejua. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Karani ni kijana wa mjini, amesoma bweni, karoti amekutana nazo kwenye sahani. Akaniambia, "Mama, mwalimu mzima haandiki kuua akiwa anataka kusema kupalilia." Nikamwambia anipeleke nimwonyeshe. Akanileta kweli, na bunduki nyuma. Nikang'oa mmoja, wakatoka wanne, wamesokotana. Nikamwambia hawa ndio askari, na hivi ndivyo wanavyokuwa wasipouliwa. Akaufuta mzizi mmoja kwenye suruali, akautafuna. Nikadhani yamekwisha.

Kisha akashuka mpaka chini. Akaliona tuta la sita, limelimwa, udongo umevunjwa laini, hakuna hata jani. Kulia na kushoto mboga zinapandiana mgongoni. Akasema, "Na hili linamngoja nani?" Barua yako ya Agosti ilikuwa mfukoni mwake. Nikasema linapumzika. Akasema hata wewe kakangu hukuniamini. Akanipa rula na karatasi.

Sijui kama hakuelewa au hakutaka kuelewa. Nimelifikiria sana hilo pale stoo.

Jibu lako lilifika mwisho wa Novemba. Alilisoma polepole, hasa pale pa atakuja kulilima kwa mkono wake. Wengine waliachiwa wiki ile. Mimi nilibaki wiki tatu zaidi.

Sikulaumu. Ungejuaje. Ila sasa nikwambie nilichokataa kukwambia, kwa sababu kimekwisha semwa na watu wabaya zaidi yangu. Mwaka ule ulipovuka mto, nilitaka kulipanda tuta lako. Mama alinishika mkono wenye mbegu. Alisema, "Ukipanda hapo, umemzika." Tangu hapo kila mvua nalilima, navunja mabonge, nang'oa magugu, naliacha. Mama alipofariki niliendelea. Mume wangu alinicheka miaka miwili, kisha akaanza kunisaidia kulilima. Ndiyo sababu kumebanana, kaka. Si kwamba sina mahali. Mahali ninapo.

Bustani nimeikuta mwitu. Mbuzi wamekula machifu wote. Karoti nilivuna, zimejipinda kama vidole vya bibi, nyingine mbili mbili zimekumbatiana hata kisu kilishindwa. Tumezila. Hakuna aliyeziulia, na nisikudanganye, hata barua ingefika mikononi mwangu nisingeziulia. Bado mimi ni yule yule anayelia.

Sasa kila Jumatatu ninaripoti, na karani anakuja kutazama tuta. Anasema lililolimwa na kuachwa wazi linamngoja mtu. Anasema mvua za Februari zikinyesha akilikuta hivyo, atanirudisha, na safari hii si stoo ya komyuni. Nikilipanda, nimekuzika. Nisipolipanda, wajukuu watabaki na nani. Juzi nilisimama pale na mbegu za maharage mkononi tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Nyiranzage aliniita mara mbili. Nikarudi nazo ndani.

Usiniandikie tena. Kila unachoandika wanakipindua.

Wako,
Koleta


Karagwe, 3 Februari 1991

Kwa Mukabutera Koleta, Gakenkeri, na kwa Bwana Karani atakayeifungua kabla yake,

Leo ni miaka ishirini na tisa, miezi miwili na siku ishirini na tatu tangu nilipoondoka nchini. Naitaja hesabu hiyo ili ijulikane kwamba anayeandika ana akili zake timamu, na umri wa miaka sitini na minne.

Uwe na makundi ya ng'ombe, Koleta. Bwana Karani, hiyo ni salamu, haina maana nyingine. Muulize mama yako.

Sina barua mpya kutoka kwa dada yangu. Najibu ile ya tarehe 24 Oktoba, ambayo nilikwisha ijibu mara moja na nikaijibu vibaya. Nilifundisha watoto miaka mingi kwamba kosa likionekana halifutwi, linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, na jibu sahihi linaandikwa kando yake. Ndivyo nifanyavyo.

Kwanza, askari ni karoti. Machifu ni kabichi. Ni utani wa baba yetu, aliyefariki mwaka 1958, na haujawahi kutoka nje ya ua wake. Neno nililotumia ni la kila mkulima wa nchi hiyo. Ningejua litasomwa na mtu asiyelima ningeandika kupunguza. Naandika sasa: kupunguza.

Pili, niliandika kwamba tuta la sita ni langu. Nalikata neno hilo. Nilipewa, ni kweli, lakini tangu leo nimelitoa. Ni la Koleta na wajukuu wake. Sidai kipande chochote cha ardhi kilimani Gakenkeri, wala mti, wala kaburi. Aliyeliacha wazi miaka yote hii hakumngoja mtu. Alitii neno la mama yake, na mama yake hayupo wa kuulizwa.

Koleta, nisikilize sasa kama ulivyokuwa ukinisikiliza nilipokufundisha herufi. Lipande. Usipande maharage. Ndani ya bahasha hii kuna mbegu za nyanya chungu, kama bado zimo. Ni za kichupa kile. Nilizitoa kwenye tuta hilo jioni ile niliyoondoka, Baba akiwa hayupo tena wa kuniuliza ninakwenda wapi, na nimezipanda huku kila mwaka, nikavuna, nikakausha, nikapanda. Hazijawahi kukosa. Zitaijua ardhi hiyo, hata kama wewe huna uhakika. Zioteshe kwanza pembeni, kwenye kivuli. Zikifika kimo cha kidole cha shahada zihamishe, hatua moja kati ya mche na mche, mistari miwili, kwa hiyo miche ishirini na sita. Itakayozidi mpe Nyiranzage. Hakuna wa kung'olewa. Nimepiga hesabu ili kusiwe na wa kung'olewa.

Daria anasema nisiseme yanayofuata. Amekaa upande wa pili wa meza, amegeuza uso. Hapa mtaani kila mwanaume anasema atarudi, wengine wameshanunua masanduku, na kesho wakisikia nilichoandika hawatanisalimia. Mimi nilikuwa na sanduku kabla yao wote. Jana nimeweka ndani yake mahindi ya mbegu.

Siku Bwana Karani akiteremka mpaka chini, muonyeshe miche. Akikuuliza inamngoja nani, mwambie inangoja mvua.

Mimi, Gakumba Anselimu, mwalimu mstaafu, mwana wa nyumba hiyo, naandika kwa hiari yangu na kwa mwandiko wangu, bila rula. Sitarudi.